Mjomba na Ule Ukuta

Nimerudi, hii ni wiki ya tatu. Miaka tisa San Diego, na swali la kwanza la mjomba, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula: "Ule ukuta wa Marekani umeuona?"

Nimeuona mpaka nikauzoea. Ghala nililokuwa napakia mizigo lilikuwa Otay Mesa, mpakani kabisa na Meksiko. Ukitoka kupunga upepo unakutana nao: nguzo za chuma zilizopangwa mstari, urefu wa mita tisa hivi, na katikati ya nguzo unachungulia Tijuana, mji wa Meksiko. Ule wa mwanzo wa miaka ya 1990 ulikuwa wa mabati mazito ya jeshi, yaliyotengenezwa kutandikwa chini ili ndege zitue enzi za vita vya Vietnam. Wamarekani nao hawatupi kitu!

Mimi kilichonishangaza ni malori yanayovuka mpaka huo. Januari 1994 ulianza NAFTA, mkataba wa biashara huria kati ya Marekani, Meksiko na Kanada. Oktoba mwaka huohuo, serikali ileile ya Marekani ikamwaga askari na uzio hapo San Diego. Mzigo karibu, mtu rudi. Viwanda vya kusini vinavyojaza malori hayo, wanaviita maquiladora, ni vya zamani zaidi. Meksiko ilianzisha mpango wake mwaka 1965, mara tu Marekani ilipoacha kuchukua vibarua wa Kimeksiko kwa ajili ya mashamba yake. Malighafi inashuka kusini bila ushuru, inaunganishwa kule, inapanda tena kaskazini. Kuna vipuri vya magari vinavuka mpaka mara kadhaa kabla gari halijakamilika.

Mwenzangu wa zamu alipanga Tijuana kwa sababu kodi ya San Diego ilimshinda. Vibali anavyo, lakini saa tisa usiku yuko macho awahi foleni ya San Ysidro, kivuko cha mpakani. Asubuhi anapishana na mameneja wa viwanda vya kusini, ambao wao wamelala San Diego. Jioni wanarudi kwa njia ya haraka ya waliosajiliwa, yeye bado anahesabu masaa ya kulala.

Mjomba alinisikiliza hadi mwisho, kitu ambacho si kawaida yake. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kipuri kinapita, fundi aliyekifunga anabaki?"

Nikamwambia kipuri kina karatasi zake.

Akacheka sana. Ndipo akakumbuka kuniuliza kama nimekula.