Kifaru kimetua Mwanza, kiko kwenye boksi

Jamani leo nimeenda stendi ya Nyegezi kuchukua mzigo wangu kutoka Dar, kifaru cha vita cha plastiki cha kuunga mwenyewe vipande, T-55 ya Mrusi skeli ya 1/35 (yaani kidogo mara 35 kuliko chenyewe), nimerudi nacho Kirumba nimekipakata kwenye daladala kama mtoto mchanga, konda anataka nauli ya siti mbili mie nacheka tu.

Nimefungua mezani. Fremu za plastiki ya kijani kibao, kila moja na mfuko wake. Kilichonikosha ni kile kichwa cha duara, wameweka ule ukwaruzo wa chuma cha kusubu, ukipitisha kidole unausikia kabisa, halafu magurudumu matano kila upande na ile nafasi pana kati ya la kwanza na la pili wameipatia, hapo sina neno. Kikiisha na mzinga wake kitafika kama sentimita 26 hivi, yaani sangara wa saizi hiyo pale soko la samaki Mwaloni unakamatwa nae kwa udogo 😂

Minyororo ndo imeniudhi. Ni ya raba, imekaza, wakati kwenye kifaru chenyewe inalala juu ya magurudumu. Na pipa moja la mafuta limefika limepasuka, ntaliziba na gundi.

Mama watoto kauliza, "Baba Neema, hilo dude ndo hela ya gesi?" Nikanyamaza. Ila mzee wangu alivyoona picha ya boksi akakitambua fasta, akasema vya hivi Amin alikuwa navyo vita ya 1978, akavuta kiti akakaa.