Kinoo kipya cha almasi na wiki zake mbili za mwanzo

Kwa miaka kumi na miwili nimenoa patasi na bobari zangu kwa kinoo kimoja cha kijivu nilichopewa na mzee aliyenifundisha kuchonga milango, na muda wote huo katikati yake pamekuwa pakiliwa kidogo kidogo hadi pakafanya bonde kama la chano. Mgongo wa patasi ukisuguliwa juu ya bonde hutoka na tumbo, na patasi yenye tumbo haitulii juu ya mbao, kwa kuwa ncha yake huinuka na mkono hulazimika kuifuata. Ndiyo sababu mwezi uliopita niliagiza kutoka Dar es Salaam kinoo cha almasi chenye pande mbili, upande mmoja namba 400, wenye chembe kubwa, na wa pili namba 1000, ulio laini zaidi, kwa bei ambayo ingenipatia patasi mbili za maana.

Nilikipokea kwa tahadhari. Miaka mitatu iliyopita nilinunua kingine cha bei ya chini ambacho kilikwisha makali ndani ya mwezi mmoja, kikabaki na mabaka yanayong'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Muuzaji nilimlaumu sana, ingawa leo nakiri kwamba nami nilikuwa nakikandamiza kwa nguvu zote, kama nilivyozoea kufanya na jiwe, na kwa kinoo cha almasi kufanya hivyo ni kuking'oa meno.

Sababu yake iko katika jinsi kinavyotengenezwa. Ni bamba la chuma lililomwagiwa chembe za almasi, kisha chembe hizo zikashikizwa kwa utando wa nikeli unaojengwa kwa umeme ndani ya maji ya dawa, kwa namna ileile ambayo vyombo hupakwa madini. Wateja wanaopita karakanani kwangu karibu na Mtaa wa India hunitania kwamba nimeanza kunolea mali ya mgodi wa almasi wa Mwadui, lakini almasi hizi hazikutoka ardhini Shinyanga wala kwingineko: hutengenezwa kiwandani kwa joto na mgandamizo mkubwa, kazi ambayo kampuni ya General Electric ya Marekani iliifanikisha mwaka 1954. Tabaka lenyewe ni moja tu. Jiwe la kawaida likiliwa, chini yake kuna jiwe jingine, ilhali hapa chembe iking'oka nafasi yake inabaki wazi daima, na kwa hiyo ubora wa kinoo hiki unategemea bamba lilivyonyooka, chembe zilivyolingana, na nikeli ilivyozishika.

Unyoofu ndio unaoweza kupimwa siku ileile kabla risiti haijapotea. Nilisimamisha rula ya chuma juu ya kinoo, nikakiinua mlangoni kuelekea mwanga wa baharini, nikatazama chini ya ukingo wa rula kwa urefu, kwa upana na kwa pembe zote mbili. Upande wa namba 1000 haukupitisha mwanga wowote. Upande wa namba 400 ulionyesha uzi mwembamba wa mwanga karibu na mwisho mmoja, lakini kipande cha karatasi ya daftari kilikataa kupita hapo, nami nikaridhika. Lau uzi huo ungekuwa katikati ningekirudisha bila kubishana na mtu, kwa sababu bonde la katikati ndilo hasa nililokuwa nalikimbia. Kinundu kidogo ningekivumilia zaidi, kwani kinundu huacha mgongo wa patasi na ubonde mdogo usiodhuru kitu.

Baadaye nilikitazama kwa lenzi ya fundi saa. Chembe zilionekana kama sukari iliyomwagwa juu ya nta ikazama nusu, zimetapakaa kwa mtawanyiko unaokaribiana, isipokuwa kwenye pembe moja ya upande laini ambapo nilihesabu chembe tatu zilizosimama juu kuliko wenzake. Niliziweka akilini.

Mtihani wa kwanza wa chuma uliniudhi. Niliusugua mgongo wa patasi kuukuu kwa upande wa namba 1000, kwa maji yenye tone la sabuni, nikitarajia wangavu, nikapata mikwaruzo mirefu kana kwamba nimetumia msasa wa kusafishia kuta. Yule mzee aliyenifundisha alikuwapo, ameketi juu ya gogo la mvule, akaichukua ile patasi, akaigeuza mara mbili na kunirudishia.

"Mwanangu, hiki si kinoo. Hii ni tupa."

"Sikatai, mzee. Ila nipe wiki mbili."

Sikumjibu hivyo kwa kiburi. Kinoo cha almasi kikiwa kipya huwa na chembe zilizojishikiza vibaya na nyingine zilizochomoza kupita kiasi, na hizo ndizo zinazokwaruza, hivyo hukata kwa ukali usio wake mpaka zitakapong'oka au kuvunjika ncha. Anayekihukumu siku ya kwanza, kwa kukisifu kwamba kinakata sana au kwa kukilaani kwamba kinakwaruza, anahukumu kitu ambacho hakitakuwepo baada ya wiki chache. Kwa hiyo nilikitumia kila jioni kwa zana zisizo na thamani kubwa, yaani visu vya jikoni, panga la jirani na patasi mbovu, kwa uzito wa mkono wenyewe tu, kisha nikakisuuza na kukikausha kwa kitambaa, maana chumvi ya pwani hii haisamehe chuma chochote kilicholala na unyevu.

Kufikia siku ya kumi maji yalikuwa yakitoka meusi na membamba, na mlio ulikuwa umebadilika: mwanzoni kilikuwa kikilia kama mchanga, sasa kilikuwa kikinong'ona. Hapo nikatoa patasi yangu nzuri. Nilianza upande wa namba 400 hadi nikahisi kwa kidole ule uzi mdogo wa chuma uliopindia upande wa pili, nikauondoa kwa namba 1000, nikamalizia kwa kipande cha ngozi, kisha nikakata kichwa cha ubao wa msonobari, kwa sababu msonobari ni laini na makali mabaya huuponda badala ya kuukata. Uso ulitoka unang'aa, nyuzi zote zimefungwa, ila palikuwa na mstari mmoja mweupe.

Mtihani wa haki kwangu ulikuwa mvule, mti wenye vijiwe vya chokaa vilivyoganda ndani yake ambavyo humlaza fundi na patasi butu. Nimechonga nao fremu nzima ya dirisha wiki hii, na kila makali yalipopotea yalirudi kwa misuguo michache, pasipo bonde na pasipo kusubiri jiwe linyonye maji.

Ule mstari mweupe niliufuatilia hadi kwenye pembe yenye chembe tatu: mbili zimekwisha, moja bado imesimama. Nimeipaka pembe hiyo rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, na huko sasa hunolewa visu vya samaki peke yake.