Mvinyo Ndani ya Mtungi

Mnunuzi aliyekuwa ameahidi kuchukua zabibu za mjomba wangu hakutokea. Ilikuwa Agosti 2013, huko Hombolo, kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma, na mizabibu yake ilikuwa imeinama kwa uzito wa mavuno ya kiangazi, ambayo siku zote huwa matamu kuliko yale ya masika kwa kuwa hakuna mvua ya kuzimua sukari. Watu wasiokijua kilimo hiki hudhani kwamba mkulima anaweza kuisubiri bei, kama wanavyofanya wenye mahindi ghalani. Zabibu ya mvinyo haisubiri. Ikiachwa shambani huliwa na ndege na nyuki, na ikishakatwa huanza kuchacha ndani ya kreti kabla hata gari halijafika barabara kuu.

Mjomba hakuwa mtu wa kulalamika barazani. Alitafuta mapipa ya plastiki, akaazima kwa jirani mashine ya kukamulia, akaamua kutengeneza mwenyewe mchuzi wa zabibu, yaani maji ya zabibu yanayochachushwa yawe mvinyo, kazi ambayo alikuwa ameiona ikifanywa na vijana waliowahi kuajiriwa viwandani. Nilikuwa likizo, kwa hiyo nilifanywa kibarua. Zabibu nyekundu tuliziponda na kuziacha pamoja na maganda yake, kwa sababu rangi yote imo kwenye ganda na maji ya ndani karibu hayana rangi. Kila asubuhi na jioni nilikuwa nikiyazamisha kwa mti mrefu maganda yaliyopanda juu, nayo yalikuwa yakitoa mvuke mkali wa kupalia. Zile nyeupe tulizikamua mara moja na kuyatupa maganda. Adui wetu mkubwa alikuwa joto, maana mchuzi ukipata moto kupita kiasi hamira hufa na ladha huharibika, kwa hiyo tuliyafunika mapipa kwa magunia tuliyoyalowesha maji mchana kutwa.

Zabibu zimekuwapo Dodoma tangu wamisionari wa Kikatoliki walipozipanda Bihawana katika miaka ya 1950, na mkoa mzima hujivunia kuzaa mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa hapa hakuna baridi ya kuulaza mzabibu na ni mkulima anayeuamsha kwa kuupogoa. Hata hivyo, wakulima wengi niliowafahamu walikuwa wamezeeka kwenye mashamba hayo bila kuonja mvinyo wa zabibu zao wenyewe, isipokuwa tone la kikombe cha ushirika kanisani, na hata hilo hakuna aliyeweza kuapa kwamba lilitoka kwetu.

Ndiyo maana sherehe ya mafundi iliyofanyika Oktoba ya mwaka ule haijanitoka akilini. Wazee wa kata pamoja na vikundi vya akina mama waliiandaa karibu na soko, chini ya miti mikubwa, wakawaalika watu wa mikono: wasusi wa vikapu, wachonga vigoda, wafinyanzi, wanaokata vibuyu vya maziwa na vya kuchotea, na, kwa mara ya kwanza, wale wachache waliokuwa wakitengeneza mvinyo nyumbani. Sisi tulipangiwa nafasi mwishoni kabisa, baada ya wauza ubuyu, mahali ambapo jua lilikuwa likifika kuanzia saa nne. Nilidhani tumedharauliwa. Mjomba alisema mgeni hachagui kitanda, akapanga chupa zake juu ya meza.

Aliyevuta watu asubuhi alikuwa mzee mmoja mtengenezaji wa marimba za Kigogo. Alikuwa ameketi juu ya kigoda akigonga misumari juu ya kipande cha reli mpaka ikawa bapa, kisha akizifunga ndimi hizo juu ya kisanduku cha mbao, akivuta na kusukuma kila ulimi kidogo kidogo hadi sauti ikae. Kwenye tundu la kisanduku alibandika utando mweupe wa mayai ya buibui, ule unaoipa marimba mlio wake wa kukwaruza. Kijana mmoja alimuuliza kwa nini asitumie karatasi ya nailoni, na mzee akamjibu kwamba nailoni hulia kama nailoni. Alikuwa akimtaja Hukwe Zawose, mpiga marimba mashuhuri wa Kigogo aliyefariki 2003, kana kwamba wameachana jana njia panda, na kwa wapiga marimba wa Ugogoni sikuona ajabu.

Saa sita ilipofika mvinyo wetu ulikuwa na joto la chai iliyosahauliwa mezani. Watu walikuwa wakija kwa heshima, wakisalimia, "Mbukwenyi," wakionja, kisha wakitazamana. Mzee mmoja aliyezoea ujimbi, pombe yetu ya mtama, aliuliza kwa upole kama dawa hii hunywewa kabla ya chakula au baada yake. Nadhani hakuwa na kosa: mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, tena wa moto, humkaba koo mtu ambaye hakuandaliwa.

Jirani yetu upande wa kushoto alikuwa mama mfinyanzi, mtu wa makamo, aliyeokoka, asiyegusa kileo cha aina yoyote. Alikuwa ametutazama muda mrefu bila kusema neno. Hatimaye akamwambia mjomba, "Baba, kitu chako ni kizuri au kibaya mimi sijui, lakini hata maji ukiwapa watu yakiwa hivyo watayatema." Akaukokota mtungi wake mkubwa hadi kivulini, akaujaza maji, akauzungushia mchanga mbichi, akatuamuru tutumbukize chupa za mvinyo mweupe na kuziacha humo. Mtungi wa udongo usiopakwa kitu hupitisha maji kidogo kidogo hadi nje, na upepo wa Oktoba, ambao Dodoma haukosekani, huyakausha maji hayo na kuchukua joto la ndani. Baada ya saa moja na zaidi chupa zilitoka zikiwa zimepoa vya kutosha.

Yule mzee wa ujimbi aliitwa aonje tena. Akanywa, akanyamaza, akainua kikombe chake ili aongezwe, na waliokuwa nyuma yake wakasogea. Kufikia alasiri mvinyo mweupe ulikuwa ukiuzwa kwa kikombe, ule mwekundu tukausukumia mtungi wa pili, na mafundi wenyewe, waliokuwa wameshinda juani, wakawa wateja wetu wakubwa. Mtengenezaji wa marimba alilipa kwa kupiga nyimbo mbili mbele ya meza yetu, malipo ambayo mjomba aliyapokea bila kuuliza chenji.

Ilipobaki kufunga mizigo, mjomba alimwendea yule mama kuuliza gharama ya mitungi. Mama akataka chupa tatu. Mjomba akamkumbusha kwa adabu kwamba yeye hanywi. "Sikusema nitakunywa," akajibu, akazichukua zikiwa bado zinachuruzika maji, akawafuata wageni waliotoka mjini wakiwa kwenye gari lao, na kuziuza zote kwa bei iliyozidi yetu karibu mara mbili, huku mjomba akihesabu kwa vidole alichokuwa amekosa tangu asubuhi.