Siku ya baraza katika shule ya kata

Saa 11:30 alfajiri. Naamka katika chumba nilichopanga kwenye kata moja ya Wilaya ya Chamwino, na kabla sijawasha jiko nasikia ndoo zikigongana njiani. Ni Oktoba, mvua bado ziko mbali, na watoto wanaelekea korongoni kufukua mchanga ili wapate maji.

Saa 1:30. Mstarini, mwalimu wa zamu anawatenga waliochelewa. Wako kumi na mmoja, tisa kati yao wakitokea ng'ambo ya korongo, na adhabu yao ni kumwagilia miche ya miti, ndoo mbili kila mmoja.

Saa 3:00. Nafundisha Uraia kidato cha pili. Mada, msinicheke, ni haki za binadamu. Nikiuliza kwa Kiingereza, wanafunzi zaidi ya sitini wanainamia madaftari, ila nikilirudia swali lile lile kwa Kiswahili, mikono inanyanyuka hadi madawati ya nyuma. Hawa wamesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, na nyumbani wengi wao huzungumza Kigogo, ilhali mtihani wa Taifa ni uleule atakaoufanya mtoto aliyelipiwa masomo ya Kiingereza tangu chekechea. Ofisini tunawaita wazito. Mimi mwenyewe niliwaita hivyo miaka miwili ya mwanzo.

Saa 4:30. Uji. Ada iliondolewa tangu 2016, lakini chakula hutegemea michango ya wazazi, na wale ambao mahindi yao hayajafika hujifanya wana kazi ya kumalizia darasani.

Saa 8:30 mchana. Baraza la wanafunzi, ambalo mimi ni mlezi wake. Mwakilishi wa kidato cha pili anasimama na karatasi aliyoikunja mara nne, anasoma sentensi moja ya Kiingereza, anakwama, anataka kuketi. Namwomba aseme kwa Kiswahili.

"Mwalimu, sisi wa ng'ambo hatucheleweshwi na usingizi. Tunacheleweshwa na maji, halafu tukifika tunaadhibiwa kwa maji."

Mkuu wa shule anakaa kimya kidogo, kisha anaagiza kwamba, hadi mvua zitakapoanza, wanaotoka ng'ambo wakifika waingie moja kwa moja darasani.

Saa 1:00 usiku. Naandika muhtasari kwa Kiswahili, ingawa jalada lote ni la Kiingereza. Kesho zamu ni yangu. Nayanakili majina ya wale tisa kwenye kikaratasi na kukitia ndani ya daftari la mahudhurio.