Ukienda kwa daktari na wasiwasi wako, nenda na hasira yako pia

Mwenye wasiwasi huonewa huruma. Mwenye hasira huambiwa hasira hasara, basi. Ndiyo maana wengi wakifika mbele ya daktari hueleza moyo kwenda mbio na usiku wa kujigeuzageuza kitandani, lakini kufoka, kubamiza milango na maneno waliyomrushia mtoto hawayagusi. Wanaona aibu. Aibu hiyo inaeleweka kabisa, ila ukificha hasira umemnyima daktari nusu ya habari.

Mwilini, viwili hivi ni ndugu. Ukihisi hatari, adrenalini, homoni ya kuuandaa mwili kupambana au kukimbia, inamwagika: moyo unadunda, misuli inakaza, pumzi inakuwa fupi. Hatari ikionekana ya kukimbiwa, tunaita hofu; ikionekana ina mwenyewe aliyetukosea, tunaita hasira. Mtu aliyekaa roho juu kwa miezi mingi hahitaji kosa kubwa ili awake. Funguo zisizoonekana zinatosha. Wepesi wa kukasirika umo kabisa katika dalili 6 zinazoangaliwa kwenye ugonjwa wa wasiwasi wa jumla, pamoja na kukosa utulivu, kuchoka upesi, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, misuli kukaza na usingizi kuvurugika. Kwa mtu mzima hutafutwa angalau 3 kati ya hizo, huku wasiwasi wenyewe ukiwa mgumu kuuzuia na umedumu siku nyingi kuliko zisizo nao kwa miezi 6.

Tatizo ni kwamba hasira hiyohiyo hujitokeza katika magonjwa mengine, na hapo ndipo utambuzi unapochelewa. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, huweza kuja na ukali badala ya machozi. Kiwewe huja na kushtuka ovyo na jinamizi kwa zaidi ya mwezi mmoja baada ya tukio la kutisha. Kwa baadhi ya wanawake, hasira hupanda siku chache kabla ya hedhi na kushuka damu ikianza kutoka. Hilo huthibitishwa kwa kuandika kila siku kwa mizunguko 2. Na kama umewahi kuwa na siku 4 au zaidi mfululizo za kulala kidogo bila kuchoka, mawazo yakikimbia, maneno mengi na fedha zikitumika ovyo, liseme hata usipoulizwa. Huenda ni baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na dawa za sonona zikitolewa peke yake zinaweza kuzidisha msisimko wa mgonjwa huyo badala ya kumtuliza.

Kabla ya yote hayo, mwili upimwe. Tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, inayofanya kazi kupita kiasi huleta mikono kutetemeka, kusikia joto, kukonda, moyo kwenda mbio na ukali, na kipimo cha damu kiitwacho TSH hulionyesha. Taja kila dawa unayotumia: salbutamoli ya pumu, prednisoloni na dawa za mafua zenye pseudoefedrini zinaweza kuzidisha mtetemo na wasiwasi. Taja kahawa, kwa sababu kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu mwilini. Taja pombe pia. Hutuliza jioni, kisha wasiwasi unarudi alfajiri ukiwa mkubwa zaidi. Lakini kama unakunywa sana kila siku usiikatishe ghafla bila daktari, maana unaweza kupata degedege.

Sasa daftari. Anza wiki 2 kabla ya miadi. Andika palepale ukishatulia, usingoje usiku, kwani kumbukumbu ya usiku hubaki na yale makubwa tu. Mstari mmoja unatosha:

“Jumanne, saa 1:40 asubuhi. Nimelala kwa saa 4 tu, sijala. Funguo hazionekani. Kabla: taya limekaza, kifua kinabana. Nimefoka nusu dakika, nimebamiza mlango. Nimetulia baada ya dakika 40. Kisha nimelia.”

Sehemu yenye thamani kuliko zote ni hiyo ya “kabla”. Ikiwa karibu kila mara kifua kilibana kwanza na hasira ikafuata, daktari anasoma kitu tofauti kabisa na hasira iliyolipuka bila dalili. Andika na siku nzuri pia. Daftari la siku mbaya tupu linapotosha.

Kuna dodoso la kupima wasiwasi liitwalo GAD-7, lililochapishwa mwaka 2006: maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Alama 5 huashiria wasiwasi mdogo, 10 wa kati, 15 na kuendelea mkali. Lijaze, ulipeleke, lakini usilifanye hukumu. Swali moja tu ndilo linalogusa kukereka.

Wakati unasubiri, watu wa nyumbani wanahitaji mpango. Upange mkiwa watulivu: “Nikisema natoka, narudi baada ya nusu saa.” Kisha toka taya linapoanza kukaza, maana ukishaanza kupaza sauti umechelewa. Mpango huu huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuondoka bila kusema utarudi lini, na anayebaki akaona ametelekezwa. Ya pili ni kutembea huku unarudia ugomvi kichwani, ukarudi umewaka zaidi ya ulivyotoka. Kupiga mto ili “kutoa” hasira nako hakufai. Mwaka 2002 Brad Bushman, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha jaribio ambamo waliopiga mfuko wa ngumi wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira kuliko waliokaa kimya tu.

Kupumua kunasaidia ukikuzoea ukiwa mtulivu: vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa 6, dakika 5, mara 2 kwa siku. Pumzi ziwe ndogo na za polepole. Wengi huvuta hewa nyingi kwa nguvu, wakapata kizunguzungu na ganzi ya vidole, wakadhani wanakufa.

Mawazo ya kujiua au ya kumdhuru mtu hayasubiri miadi. Mwambie mtu aliye karibu na nendeni hospitali, kitengo cha dharura, leo hii.

Siku ya miadi, fupisha daftari kwenye ukurasa mmoja: mara ngapi kwa wiki, huanzaje, hudumu muda gani, nani ameumia, kazi au ndoa imeathirika vipi. Ukimpata mtu unayeishi naye, nenda naye, na mpe dakika chache azungumze na daktari bila wewe. Ukipewa dawa za kundi la SSRI, zinazotumika kutibu sonona na wasiwasi, jua kwamba nafuu huchukua wiki 2 hadi 6, na siku za mwanzo wasiwasi unaweza kuongezeka kidogo. Wengi huziacha hapo, dawa haijapata hata nafasi ya kufanya kazi. Ukiona fadhaa imepanda sana au usingizi umetoweka, mrudie daktari upesi.

Huenda ukatoka bila jina la ugonjwa. Kabla hujainuka kitini, uliza: unashuku nini, umeshaondoa nini, na tunaonana lini tena? Majibu yaandike mlemle daftarini, kisha kesho yake endelea na mistari yako.