Samweli na bahasha

Jana mheshimiwa mmoja alikuja ibadani kwetu hapa Malindi. Akapewa kipaza sauti kabla ya mahubiri, akaacha bahasha, tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, nisijifanye mtakatifu.

Leo asubuhi niko barazani na mahamri kwa mbaazi, Biblia imeegemea chupa ya chai. Nikafika 1 Samweli 8, pale wazee wa Israeli wanapodai mfalme. Samweli anawaeleza waziwazi: atachukua wana wenu wapige mbio mbele ya magari yake, binti zenu wawe wapishi wake, mashamba mazuri awape watumishi wake, na nafaka atoze sehemu ya kumi. Wakasema la, mfalme tunamtaka. Kidole changu kikaacha doa la tui papo hapo kwenye hiyo sehemu ya kumi.

Mzee jirani, Mwislamu, fundi wa bao, akapita. Shikamoo, marahaba. "Leo wasoma nini, mwanangu?" Nikamsimulia. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Kwani huyo Nabii Samweli alikuwa akipiga kura hapa Malindi?"

Bahasha bado iko kwa mhazini. Kamati inakaa Alhamisi, na katibu ni mimi.