Filtri ya mazutu kwenye Hilux ya zamani: mahali ilipo na namna ya kuibadilisha

Pikapu inatoka Uvira na mzigo, inakimbia vizuri kwenye tambarare ya Ruzizi, halafu ikianza kupanda Ngomo inakosa nguvu na kurukaruka. Ikifika Bukavu, mtu wa kwanza kufungua kapo anasema pompa imekufa. Mara nyingi pompa ni nzima. Kwenye tambarare moteri inakunywa kidogo, na filtri iliyoziba nusu bado inapitisha ya kutosha. Kwenye mlima, gia ya pili, mguu umekanyaga mpaka chini, haitoshi tena. Usikubali pompa ya injeksio ifunguliwe kabla filtri haijabadilishwa.

Tunazungumzia Hilux zenye moteri ya mazutu ya aina ya 2L, 3L au 5L. Usipoiona filtri, tafuta pompa ya injeksio, ile yenye tiyo nne nyembamba za chuma zinazokwenda kwenye injekta. Fuata tiyo ya mpira inayoingiza mazutu kwenye pompa, itakufikisha kwenye filtri: kopo la chuma linaloning'inia chini ya kichwa chenye kitufe cha kupampu kwa mkono. Chini ya kopo kuna kihisi cha maji chenye waya, na hapohapo pana kifunguo kidogo cha plastiki cha kutolea maji.

Dukani omba filtri yenye namba 23303-64010 au inayolingana nayo, na uende na ile ya zamani mkononi. Linganisha nyuzi, upana wa mpira wa juu, na tundu la chini la kihisi. Kuna filtri za oili zinazofanana nayo kwa nje, lakini hazina tundu hilo. Hakikisha pia boksi lina mpira mdogo wa duara wa kihisi. Usipokuwemo, ununue kando.

Moteri ikiwa imepoa, safisha kichwa cha filtri kwa brashi na mazutu, maana vumbi likidondoka ndani wakati wa kazi halina tena cha kulizuia. Weka chini chupa iliyokatwa, legeza kifunguo cha maji, acha vyote vitoke. Chomoa plagi ya kihisi kwanza, ndipo uzungushe filtri. Ukisahau, waya zinajisokota na kukatika. Ikikataa mkono, tumia kle ya mkanda. Kuitoboa kwa turnevisi ni mtindo wa kijiweni unaoharibu zaidi ya unavyosaidia.

Hamisha kihisi kwenye filtri mpya pamoja na mpira wake mpya. Ni plastiki, usikikaze kwa hasira. Papasa chini ya kichwa kwa kidole: mpira wa filtri ya zamani ukibaki umeganda pale, ukafunga mpya juu yake, utavuta hewa hata ukaze namna gani. Paka mazutu kwenye mpira mpya, funga kwa mkono mpaka uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Basi.

Wengi hujaza filtri mpya kwa kumimina mazutu kwenye tundu la katikati. Usifanye hivyo. Tundu la katikati ni upande wa kutokea, kwa hiyo uchafu wa bidoni unakwenda moja kwa moja kwenye pompa. Ifunge ikiwa tupu, pampu kitufe mpaka kiwe kigumu chini ya kidole, ndipo uwashe. Usishike demareri zaidi ya sekunde 15 mfululizo. Ikigoma, legeza nati za tiyo kwenye injekta (kle ya 17), mwenzako azungushe demareri mpaka mazutu yarushwe, kisha kaza. Mikono iwe mbali, kwani mazutu ya presha hiyo yanapenya ngozi.

Ubishi mkubwa unakuja kesho yake. Gari inawaka asubuhi, inazimika baada ya muda mfupi, na bila kupampu kitufe haiendi. Hapo watu wanainama kutafuta mahali panapovuja, hawaoni tone. Ni kwa sababu kwenye Hilux hizi pompa yenyewe ndiyo inayonyonya mazutu toka tangi. Tundu likiwa njiani halimwagi mazutu, linaingiza hewa. Weka kipande cha tiyo inayoonyesha ndani kati ya filtri na pompa, washa, uangalie. Mapovu yakipita, rudi nyuma hatua kwa hatua: mpira wa kihisi, mpira wa filtri, kitufe chenyewe, kolye (vibano vya tiyo), tiyo zilizopasuka. Tiyo ya kubadilisha iwe ya mafuta. Ya maji ya bustani inalegea na kujibana ndani.

Mwaga kilichobaki kwenye filtri ya zamani ndani ya chupa ya kioo. Maji yatakaa chini. Kutu inaonyesha tangi linaoza. Utelezi mweusi ni vijidudu vinavyoota pale maji na mazutu yanapokutana, na tangi lioshwe. Kama unanunua kwa kadafi (wauza mafuta wa barabarani), acha bidoni itulie usiku mzima na usimimine sehemu ya chini. Ukichuja kwa kitambaa, kinazuia mchanga, lakini maji yanapita. Kwa mazutu ya namna hiyo, kilomita 10.000 zinatosha kubadilisha filtri, na maji yatolewe kila wiki.

Taa ya maji kwenye tablo ikiendelea kuwaka baada ya yote haya, chomoa plagi ya kihisi. Ikizimika, kielea cha ndani kimenasa kwenye uchafu: toa kihisi, kioshe kwa mazutu, kitikise mpaka kielea kicheze.